Baada ya mnada wa mtandaoni: jinsi ya kupanga siku ya wanunuzi kuchukua mali

Mnada ukifungwa mtandaoni, watu wengi wa upande wa muuzaji huhesabu kazi imekwisha. Washindi wamejulikana, fedha zinaingia, ripoti imekwenda kwa mwenye mali. Kwa mnunuzi ndiyo kwanza inaanza. Ameona picha nne kwenye simu, amelipa, na hadi leo hajaigusa friji aliyonunua. Siku ya kuchukua ndiyo siku anayokutana na mali yake kwa mara ya kwanza, na ukimpokea vibaya siku hiyo hatatia dau kwako tena, hata bei ikiwa nzuri namna gani.

Nitatumia mfano wa kazi ambayo Dar es Salaam tunaifanya mara kwa mara: ofisi ya mradi imefungwa, vitu vimekusanywa kwenye ghala kando ya Barabara ya Nyerere, vimeuzwa mtandaoni kwa loti, yaani mafungu yenye namba, kila fungu likiuzwa peke yake. Tuseme loti 140: meza, viti, makabati ya faili, kompyuta, viyoyozi, friji, jenereta moja ya kVA 30 na magari mawili. Wanunuzi wako Mbagala, Kariakoo, Morogoro, wengine Unguja. Mnada wako ukiwa mdogo kuliko huo, punguza idadi ya wahudumu lakini hatua ziache kama zilivyo.

Hatua ya 1: Malipo na majina yakamilike kabla

Mali haitoki mpaka fedha ionekane kwenye akaunti. Picha ya slipu ya benki haitoshi. Meseji ya muamala anayokuonyesha mnunuzi kwenye simu yake haitoshi pia, maana meseji za kughushi zipo nyingi. Mhasibu afungue taarifa ya akaunti, aone fedha imeingia, aweke alama kwenye orodha.

Mwisho wa kulipa uwe siku mbili za kazi kabla ya siku ya kuchukua. Fedha inayotoka benki moja kwenda nyingine huweza kuchelewa, na aliyelipa Ijumaa jioni huenda ukaiona fedha yake Jumatatu. Getini usipokee hata shilingi. Ukimpokelea mmoja kwa huruma, mchana utakuwa na foleni ya watu walioshika noti, na hesabu ya jioni haitakubali.

Malipo yakithibitika, toa risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi), kisha mtumie mnunuzi hati ya kuchukulia. Iandikwe jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba za loti zake zote, maelezo mafupi ya kila loti, muda aliopangiwa, na namba ya siri ya tarakimu nne. Mnunuzi wa Unguja mwambie mapema kwamba jina lililo kwenye risiti ndilo litakaloonekana kwenye karatasi za bandarini, kwa hiyo kama amenunua kwa ajili ya duka lake, aseme kabla risiti haijatoka.

Wengi hawatakuja wenyewe. Mtu wa Morogoro atamtuma dereva, mwenye hoteli atamtuma mdogo wake. Mnunuzi atume jina na simu ya mjumbe wake kwa kutumia namba ileile aliyojisajili nayo mnadani, tena siku moja kabla. Mjumbe akifika, anatoa kitambulisho na kutaja namba ya siri. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ikianza na mwaka. Muulize mtu alizaliwa lini huku kitambulisho unacho wewe. Mwenye kitambulisho chake hujibu papo hapo.

Hatua ya 2: Lipange upya ghala

Hapa ndipo siku inapoharibika au kutengemaa, na hapa ndipo ninapowaomba watu wasifanye haraka.

Wakati wa kupiga picha, vitu vilipangwa kwa kufuata namba za loti. Mpangilio huo unafaa kwa mnada, kwa kutoa mali haufai. Mtu mmoja ameshinda loti ya 3, ya 58, ya 91 na ya 126. Ukiacha vitu vilivyo, vijana wake watazunguka ghala zima mara nne, na kila mzunguko ni nafasi ya kubeba kisicho chao. Vyote vinavyobebeka visogeze viwe rundo moja la mnunuzi mmoja, na juu ya rundo bandika karatasi yenye jina na namba zake. Vizito visivyosogezeka viache, lakini hakikisha lori kubwa kama Fuso linaweza kurudi kinyumenyume hadi karibu navyo. Mizigo midogo ya mtu mmoja mmoja iwe jirani na geti.

Lebo ziwe kubwa, zimeandikwa kwa kalamu nene, na ziwe pande mbili za kitu. Niliwahi kusimamia yadi ambayo lebo zilikuwa ndogo, upande mmoja tu, na tulikuwa tunaitana kwa sauti. Kijana akapaza: "Arobaini na saba!" Mwenzake upande wa pili, jenereta ikinguruma, akasikia sabini na nne. Seti ya sofa ya mtu mwingine ikapakiwa, ikafungwa kamba, ikaondoka. Tuliirudisha kesho yake kwa gharama yetu, na mwenye sofa alikuwa ameshafika na gari la kukodi akarudi mikono mitupu. Tangu siku ile namba hatuiti kwa mdomo. Anayetoa mali hushika karatasi, huenda hadi kwenye rundo, huweka kidole juu ya lebo, ndipo anayebeba anabeba.

Kisha hesabu. Loti ikisema viti 24, vihesabu siku moja kabla, vifunge sitasita kwa kamba, ili kesho uhesabu mafungu manne tu. Ukikuta 23, mpigie mnunuzi leo, mkubaliane cha kufanya. Habari mbaya ya simuni husikilizwa. Habari hiyohiyo akiipata ghalani, na gari la kukodi linamsubiri, inageuka ugomvi.

Na kuna vitu vidogo. Funguo za droo, rimoti ya kiyoyozi, waya wa umeme wa kompyuta, misumari ya meza iliyofunguliwa. Kwa uzoefu wangu malalamiko mengi hutokana na hivi, si na vitu vikubwa. Tumia bahasha za kaki: kila loti yenye vitu vidogo iwe na bahasha yake, imeandikwa namba ya loti na orodha ya vilivyomo, imebandikwa kwa gundi ya karatasi kwenye kitu chenyewe mahali panapoonekana. Kabati la faili la droo nne lisilo na ufunguo, kwa aliyelinunua, ni kazi ya kumtafuta fundi kufuli.

Hatua ya 3: Vinavyohitaji fundi

Viyoyozi ambavyo bado viko ukutani visingoje siku ya kuchukua. Fundi anapokifungua vizuri, hukiwasha kwanza, hufunga vali ya bomba jembamba kompresa ikiwa inazunguka, gesi ikusanyike kwenye kasha la nje, kisha hufunga vali ya bomba nene na kuzima. Bila umeme kazi hiyo haifanyiki. Nimeona mwenye jengo akikata umeme wa ofisi wiki moja kabla ili kuokoa bili, viyoyozi vikafunguliwa kwa kukata mabomba, gesi yote ikaenda hewani, na kila mnunuzi akalazimika kujaza upya. Ongea na mwenye jengo umeme ubaki hadi kiyoyozi cha mwisho kishuke.

Friji na friza zichomekwe kwenye umeme tangu usiku ili mnunuzi akifika akute ubaridi. Zisafirishwe zikiwa zimesimama. Ikilazimu kulazwa, mnunuzi aambiwe aiache imesimama saa kadhaa nyumbani kabla ya kuiwasha, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Iandike hiyo kwenye hati yake, maana atakuwa na mengi kichwani.

Jenereta ya kVA 30 yenye kasha lake ina uzito unaokaribia tani moja. Hiyo haibebwi na vijana wanane kwa kamba na mapenzi ya Mungu. Inataka foklifti au kreni, na nani anailipia iwe imeandikwa kwenye masharti ya mnada. Iwashwe mnunuzi aone, kisha dizeli itolewe, betri ifunguliwe kwa kuanza na waya wa hasi.

Kompyuta ni jambo la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haijali kama kompyuta ni chakavu. Diski zenye majina, mishahara au rekodi za wagonjwa zifutwe kabisa au zing'olewe, na anayefanya hivyo asaini orodha. Diski ikiwa imeng'olewa, maelezo ya mnadani yawe yalisema hivyo tangu mwanzo.

Hatua ya 4: Ratiba

Usiwaambie watu 60 waje "asubuhi". Gawanya siku kwa vipindi, na kipindi kipimwe kwa gari. Kwa kazi zetu, kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) yenye wabebaji wawili tunaipa dakika 20, Canter, lori dogo, dakika 45, Fuso saa moja na nusu. Sehemu za kupakilia zikiwa mbili, weka moja ya magari madogo na moja ya makubwa, na usiruhusu Fuso ikae kwenye sehemu ya kirikuu hata kama iko wazi.

Wenye mzigo mdogo nawaweka wa kwanza. Mama mwenye mgahawa aliyenunua friza moja amefunga biashara yake ili aje. Mkandarasi aliyenunua meza 60 ana watu wanaolipwa kusubiri. Ukimweka mama nyuma ya Fuso, atapoteza siku nzima kwa mzigo wa dakika kumi. Saa mbili za kwanza ziwe za watu kama yeye.

Saa ziandikwe kwa namna mbili. Tovuti ya mnada hutuma 09:00, mnunuzi anasoma tisa, anafika saa tisa alasiri. Andika "saa 3 asubuhi (09:00)" kila mahali: kwenye hati, kwenye meseji, kwenye kundi la WhatsApp.

Siku nzuri kwangu ni Jumatano au Alhamisi, na Jumamosi ya akiba kwa waliokwama. Ikiwa ni lazima iwe Ijumaa, usipange mtu kati ya saa 6 na saa 8 mchana. Wanunuzi, madereva na walinzi wako watakuwa msikitini. Masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, andaa maturubai ya kufunika mapito kutoka ghalani hadi kwenye gari. Meza ya mbao iliyoshindiliwa huvimba ikilowa mara moja tu.

Mpe mnunuzi vipimo, achague gari mwenyewe. Bodi ya kirikuu ya Suzuki Carry ina urefu usiofika mita 2 na upana wa mita 1.4 hivi, na gari lenyewe limetengenezwa kubeba kilo 350. Meza ya mkutano ya mita 3 haiingii. Mtu akijua hilo jana, leo anakuja na Canter au anakuja na fundi wa kuifungua.

Hatua ya 5: Watu

Unahitaji sehemu nne zenye watu wanaojua kazi yao: wa meza ya mapokezi anayekagua hati na vitambulisho, watoaji mali wanaotembea na mnunuzi hadi kwenye rundo lake, msimamizi wa upakiaji anayeangalia magari, na mlinzi wa geti. Anayetoa mali asiwe ndiye anayeruhusu kutoka. Kazi hizo mbili zikiwa mikononi mwa mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu, hutakuwa na jibu siku kitu kikipotea.

Wabebaji ndio huleta makelele. Habari ya mnada husambaa, asubuhi utakuta vijana thelathini getini, kila mmoja anamvuta mnunuzi. Zungumza na mwenyekiti wa serikali ya mtaa siku chache kabla, akusaidie kupata kikundi chenye kiongozi. Chukua kumi, wape vizibao vya rangi moja, kubalianeni bei ya kupakia kwa aina ya gari, na bei hiyo ibandikwe getini kwa herufi kubwa. Mnunuzi mwenye watu wake aruhusiwe kuwatumia. Mwenyekiti huyohuyo mwambie pia kuhusu magari yatakayojaa mtaani, na majirani wenye maduka wajue ni siku gani.

Maji ya kunywa, choo kinachofanya kazi, kivuli na viti vya kusubiria visiachwe. Mama ntilie mmoja akikaribishwa ndani ya uzio, wafanyakazi wako hawatapotea saa 7 mchana.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Mfuate mnunuzi mmoja uone mtiririko. Mama wa Mbagala anafika saa 2 na nusu na kirikuu ya kukodi. Gari linabaki nje kwanza. Anakwenda mapokezi, anatoa hati, kitambulisho, namba ya siri. Jina linawekewa alama. Anakabidhiwa mtoaji mali, anayemsalimia na kumwita kwa jina: "Shikamoo mama, karibu, friza yako iko huku."

Wanafika kwenye friza. Imewaka tangu jana. Anafungua mlango, anatia mkono ndani, anagusa barafu kwenye kuta. Anapapasa mpira wa mlango kuona kama umechanika. Anauliza mkwaruzo huu wa ubavuni. Mtoaji anamfungulia picha ya mnadani kwenye simu, mkwaruzo uko pale. Anatikisa kichwa kukubali. Bahasha ya kaki inafunguliwa mbele yake, funguo mbili zimo. Hapo ndipo anasaini hati ya makabidhiano, nakala mbili, na friza inachomolewa. Gari linaitwa ndani. Kuonyesha, kusaini, kupakia: mpangilio huo usigeuzwe, hata foleni ikiwa ndefu. Kitu kikishafungwa kamba juu ya gari, hakuna atakayejua mkwaruzo umetokea lini.

Getini mlinzi anapokea geti pasi, yaani karatasi ya ruhusa ya kutoa mali, anahesabu vitu garini, analinganisha, anaandika namba ya gari na saa kwenye daftari, anagonga muhuri, anabaki na pasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mlinzi lazima ajue kwamba ana mamlaka ya kulizuia gari lolote, hata la bosi wake.

Malalamiko yatakuwepo. Masharti mengi ya mnada husema mali inauzwa kama ilivyo, hapo ilipo, na ni halali kuyasimamia. Lakini tofautisha. Mtu anayesema kiti kimechakaa kuliko alivyodhani, muonyeshe picha na maelezo kwa upole. Mtu anayesema tangazo liliandika printa ya rangi na hii ni nyeusi tupu, ana haki, na kosa ni letu. Usibishane naye kwenye foleni. Msogeze kando, mpe kiti, mtu mwenye mamlaka ya kurudisha fedha aje amsikilize, na uamuzi uandikwe siku hiyohiyo. Ukimwambia "tutakupigia", mpigie kweli.

Hatua ya 7: Magari

Yatengee muda wake, ikiwezekana alasiri wakati yadi imetulia. Kabidhi gari pamoja na kadi halisi, mkataba wa mauziano uliosainiwa na TIN (namba za mlipakodi) za pande zote mbili, ili mnunuzi akabadilishe umiliki TRA, mamlaka ya mapato. Gari la mradi lililoingia nchini kwa msamaha wa kodi lina kodi ya kulipwa kabla jina halijabadilishwa. Anayelipa awe ametajwa kwenye tangazo la mnada. Namba za DFP, zile za magari ya miradi ya wafadhili, haziendi na mnunuzi binafsi, kwa hiyo gari kama hilo lipangie bredauni (gari la kuvuta magari) kuliko kumuacha mtu aingie barabarani nalo akasimamishwe na polisi kwenye makutano ya Tazara.

Pigeni picha ya dashibodi ionyeshe kilomita, andikeni saa ya makabidhiano. Faini au ajali itakayotokea nusu saa baadaye itauliza hasa saa hiyo.

Hatua ya 8: Kufunga, na loti zilizobaki

Saa 10 jioni acha kuruhusu magari mapya. Kaa na watu watatu, orodha ya mapokezi, hati zilizosainiwa na daftari la geti, msome loti moja moja kuanzia ya 1. Kila loti iwe na alama tatu au iwe bado iko ghalani. Nenda ukaitazame kwa macho; usikubali neno la "ipo, niliiona". Loti yenye alama mbili itafutwe jioni hiyo, madereva wakiwa bado wanakumbuka walichopakia.

Loti zisizochukuliwa zitakuwepo daima. Mtu amefiwa, gari limeharibika Chalinze, au fedha ya usafiri haijapatikana. Masharti yaseme mapema siku ngapi za kusubiri ni bure na ada ya kuhifadhi inaanza lini. Mali hiyo imeshalipiwa, ni ya mtu, kwa hiyo isiguswe na kuuzwa tena mpaka taarifa ya maandishi imetumwa na muda uliotajwa umepita. Zikusanye kwenye chumba kimoja chenye kufuli, bandika upya majina, piga picha.

Kisha wapigie simu kabla ya saa 2 usiku, mmoja mmoja, uwaambie mali yao iko salama na Jumamosi geti litafunguliwa saa 3 asubuhi.